La Kushoto Lina Mwenyewe

Binti yangu alipozaliwa alinyonya kama mtu aliyepewa tenda ya kunimaliza, na tenda yenyewe ina tarehe ya mwisho. Nikimtoa, analia. Nikimrudisha, ananyonya kidogo, anasinzia, na pale ninaposema sasa niteremshe hata mguu mmoja kitandani, analia tena. Uso niliuosha upande mmoja leo, upande wa pili kesho yake. Chai niliyomiminiwa asubuhi niliinywa jua likizama, imeshafanya utando juu, na niliinywa kwa shukrani kama ya harusini.

Mimi nimesoma masomo ya jioni. Kidato cha nne nimekipata ukubwani, mchana nakaanga vitumbua, jioni nimebanwa kwenye dawati la watoto, magoti yanagusa kidevu. Na baiolojia nilifaulu, msinione hivi. Kwenye mtihani niliandika kwamba mamalia ni mnyama mwenye damu ya joto anayenyonyesha watoto wake, nikapewa vema kubwa. Hakuna aliyeniambia niongeze kwamba ni mnyama anayenyonywa mpaka akiulizwa habari za asubuhi anajibu kesho.

Jirani yangu mwenye duka la mbele, mwanamke ambaye baba yake alitokea Ujiji na mama yake Tabora, na ulimi wake ulitokea kote huko, alikuwa akiingia kila siku kuja kumtazama huyo mnyonyaji. Kiswahili chetu kina uchoyo wa maneno: ziwa la kunyonyesha na ziwa la kuvua migebuka ni neno lile lile, na yeye hakuiacha nafasi hiyo ipite bure.

"Shoga," alisema, "Karema wana ziwa moja, wavuvi elfu, na wote wanakula. Wewe una maziwa mawili, mvuvi mmoja, na bado analalamika samaki hakuna!"

Nilicheka mpaka mtoto akatikisika. Lakini hesabu ile ilikuwa na kosa, na tuliokuwa tunalijua ni mimi na mama mkwe wangu tu. Mtoto alikuwa ananyonya ziwa moja, la kulia. La kushoto lilikuwa na mwenyewe.

Niwaeleze huyo mwenyewe ni nani.

Kabla ya binti huyu nilimzaa kaka yake. Alikuwa mtoto mpole. Hilo ndilo neno lililotoka mdomoni mwa kila aliyepiga hodi: mpole, jamani, mtoto mpole hivi, utafikiri humu ndani hamna mtoto. Alilala kutwa. Alinyonya kidogo, tena la kushoto tu. Nikimpa la kulia aligeuza uso taratibu, kama mgeni aliyeletewa chakula asichokula lakini hataki kuwaudhi wenyeji. Nami kichwa kilinivimba. Wenzangu walikuwa na macho mekundu ya kukesha, mimi nalala mpaka naota ndoto na mwendelezo wake.

Masika yale akapata homa. Asubuhi alikuwa wa moto, hospitali tulifika, jioni hakuwepo. Mpaka leo sijui ilikuwa nini, na waliojaribu kunieleza walisema maneno ambayo sikuyasikia. Tulimpeleka Mpimbwe, kwao baba yake, tukamzika kando ya babu yake, ng'ambo ya majaruba ya mpunga. Na wakati wa kurudi, ndani ya gari, nimekaa katikati ya watu wanaoimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini, maziwa yakaja upande wa kushoto. Saa yake ya kunyonya ilikuwa imefika, na ziwa halikuwa limepewa taarifa.

Jina lake nalo lilibaki kwangu. Huku kwetu mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe linawekwa kabatini. Unakuwa mama wa fulani. Fulani akiondoka, wewe unabaki unaitwa yeye. Muuza nyanya ananiita kwa jina la mtoto aliye chini ya udongo, na mimi naitika, nageuka, nachagua nyanya. Mwalimu wangu wa jioni aliniita hivyo hivyo mbele ya darasa zima nikaenda ubaoni. Ndiyo maana nasema sikuwahi kukaa siku nzima bila yeye kuitwa, wala siku nzima bila mimi kuitika kwa niaba yake.

Basi binti alipozaliwa, mama mkwe wangu akaja kutoka Mpimbwe kunitunza uzazi. Mara ya kwanza hakuweza kuja, mvua zilikuwa zimekata barabara. Safari hii alikuja na gunia la mchele, kuku wawili waliofungwa miguu, na mikono ya kukanda ambayo ingeweza kunyoosha reli ya kwenda Tabora. Ni Mkatoliki wa benchi la mbele, rozari haimtoki shingoni. Alinikanda kwa maji ya moto mpaka nikawataja mababu ambao sikujua kama ninao. Uji wa ulezi alionipikia kijiko kilisimama wima katikati ya bakuli kama nguzo ya umeme. Nilimpenda. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Ilikuwa mchana, siku za mwanzo kabisa. Mtoto alikuwa anavuta la kulia, mama mkwe ameketi kwenye kigoda ananimenyea ndizi. Ghafla la kushoto likaanza kutoa maziwa lenyewe. Hakuna aliyeligusa. Yalitoka tone, tone, kisha yakawa uzi, kitenge kikalowa duara.

Mama mkwe akaacha kisu.

"Hilo nani analinyonya?"

"Hakuna mtu, mama. Linachuruzika tu."

"Maziwa hayachuruziki tu, mwanangu. Yanaitwa." Akasogeza kigoda. Akaliangalia ziwa langu vile mtu anavyoangalia mlango uliofunguka wenyewe. "Yule wa kwanza alikuwa ananyonya lipi?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Hata mume wangu hakuwahi kuniuliza, na nani angeuliza kitu kama hicho?

"La kushoto," nikasema.

"Basi kaja kwake."

Akalitamka hivyo, kama mtu anayesema basi limefika stendi. Kisha akanipa sheria. Mdogo apewe la kulia. La kushoto lina mwenyewe, lisiguswe. Likijaa, likamuliwe, na kinachokamuliwa kiwekwe chini, apate. "Ukimnyang'anya mkubwa chakula chake ukampa mdogo, watagombana. Na wakigombana hawa, mwanangu, aliye huku hana nguvu. Mkubwa anamvuta."

"Anamvuta wapi, mama?"

Akachukua kisu, akaendelea kumenya. Baadaye akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hata mume wako nilimnyonyesha upande mmoja. Alitanguliwa na dada yake. Umemwona ana shida gani?"

Nikamtazama mume wangu kupitia dirishani. Alikuwa amechuchumaa uani na pikipiki ya mtu, maana ni fundi, na kazi humfuata mpaka nyumbani. Mume wangu ni mwembamba kiasi kwamba mvua ya kawaida humkosa. Lakini alikuwa hai, ana meno yote, anapiga mluzi. Nikaona ushahidi unatosha.

Sijui kama ile ni mila ya watu wa Mpimbwe au ilikuwa ya mama mkwe wangu peke yake. Baadaye niliwauliza wanawake wa kule, wengi walinishangaa. Siku ile sikuuliza, na sababu naijua. Nilifurahi. Mtu mwingine amemwona. Tangu tuzike, watu walikuwa wakiniambia nisahau, Mungu atanipa mwingine, na Mungu akanipa mwingine, na wote wakashusha pumzi kama vile deni limefungwa. Mama mkwe peke yake ndiye aliyeingia akauliza yule mwingine anakula nini.

Kila mchana, saa nane, jua likiwa limekaa juu ya mabati mpaka yanalia ta, ta, mji mzima wa Mpanda unasinzia na hata bajaji zinapita kwa kunong'ona, mama mkwe alichukua kifuniko cha chupa ya chai, akanikamua la kushoto, akaenda nacho nyuma ya nyumba kwenye mpapai. Nilikuwa namsikia kupitia ukutani. "Kunywa, mume wangu," alikuwa anamwambia. Bibi na mjukuu wake, utani wao haukuwahi kuanza wakati wa uhai, wakawa wanauanzia pale. "Kunywa taratibu, usipaliwe." Sisimizi walipata habari. Walipanga foleni kutoka kwenye ule mpapai mpaka Kasokola, wengine naamini walitokea Mwese kwa miguu.

Na mimi ndani, mtoto akivuta la kulia, mkono wangu wa kushoto ulianza kuwa mzito.

Sizidishi hapa. Kwingine nimezidisha, hapa hapana. Ulikuwa mzito kwenye kiwiko, mahali ambapo kichwa cha mtoto hulala. Nilikuwa najikuta nimeukunja bila kujua, nimeutengenezea kitu nafasi. Maziwa yakianza kushuka upande ule nilisikia ngozi inasisimka, na kitenge kikilowa nilisikia joto, kisha ubaridi, kama ubaridi wa pua ndogo. Nikikaa mkekani niliacha nafasi kushoto. Nikisikiliza pumzi za binti yangu, katikati ya moja na nyingine kulikuwa na kitu kama pumzi ya tatu, isiyo yake na isiyo yangu. Mchana mweupe, jamani. Nje mtu anauza sambusa. Kama ingekuwa usiku ningeogopa. Kwa kuwa ilikuwa mchana, nilizoea.

Nikaanza kuongea naye. Nilimweleza habari za mdogo wake, kwamba ni msumbufu, mlafi, hana adabu kama yeye. Nilimsifia upole wake. Yeye alikuja kila nilipomwita, na hata nisipomwita.

Binti akazidi kunyonya. Au tuseme akazidi kutaka. Kutoka kulala kwa kusinzia akawa halali kabisa. Analivuta la kulia mpaka linakuwa kama soksi iliyooshwa, analia, analivuta tena tupu. Mama mkwe akasema ndivyo mabinti walivyo. Mume wangu akasema amefuata upande wa mama yake. Nami nikasema mlafi, mlafi huyu, nikamrudisha kulia.

Yule jirani wa dukani ndiye aliyenisimamisha. Aliingia mchana mmoja na pakiti ya majani ya chai mkononi, akakuta mtoto analia.

"Mlafi wetu kala nini leo?"

"Kanila mimi."

"Mashallah, na bado kuna mabaki! Lete nimbebe, ukaoge, unanukia mtindi." Akamchukua. Nikaona uso wake unabadilika, ule mdomo usiofungwa ukafungwa. Akampandisha, akamshusha, kama anavyopima kilo ya sukari kwa mkono kabla ya kuiweka kwenye mizani.

"Shoga."

"Nini?"

"Mlafi gani huyu mwepesi? Anakula kutwa kucha halafu kawa kama mfuko wa rambo. Chakula kinakwenda wapi?"

Nilimtazama mama mkwe. Mama mkwe alitazama rozari yake. Jirani akatutazama wote wawili, akamrudisha mtoto mikononi mwangu polepole, akasahau majani yake ya chai juu ya kigoda.

Kesho yake nikaenda kliniki. Nilimfunga mtoto mgongoni, mama mkwe akabaki anachambua mchele. Muuguzi akamning'iniza mtoto kwenye mizani, akasoma, akagonga mizani kwa kidole kama anayeituhumu, akasoma tena.

"Mama, huyu hajarudisha hata ule uzito aliozaliwa nao. Ananyonya kweli?"

"Hafanyi kazi nyingine."

"Yote mawili?"

Nilikuwa nimechoka. Ningeweza kusema ndiyo. Mdomo ukasema wenyewe: "La kulia tu. La kushoto lina mwenyewe."

Muuguzi akainua kichwa, akatabasamu. "Kumbe mapacha! Mbona hukusema? Mwenzake yuko wapi?"

"Mpimbwe."

"Mpimbwe? Mtoto mchanga umemwacha Mpimbwe? Na nani?"

"Yuko na babu yake."

"Babu!" Benchi zima la akina mama likageuka. "Babu anamnyonyesha na nini? Mama, unachekesha. Sikiliza. Wiki ijayo nataka uniletee wote wawili niwapime. Na huyu asipoongezeka tunamlaza. Umenielewa? Wote wawili."

"Sawa," nikasema.

Niliondoka pale nacheka. Nilicheka nikivuka barabara, nikacheka nikipita kwenye maduka ya vitenge, watu wakadhani nimepata habari njema. Nilipofika relini kicheko kiliisha, kwa sababu niligundua kitu ninachokifanya kichwani. Nilikuwa napanga nitawabebaje. Huyu mgongoni, yule kifuani, upande wa kushoto, na mwavuli mkono gani. Nilisimama pale kwenye reli, jua la saa sita linanichoma utosini, nikasikia mtoto mmoja tu anahema mgongoni kwangu, na alikuwa mwepesi kiasi kwamba ilibidi nimguse kwa nyuma nihakikishe yupo.

Nilimweleza mume wangu. Aliacha spana yake, akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

"Mama anasemaje?"

"Anasema sheria ni ile ile."

"Mimi nimekua hivyo hivyo," akasema, kisha akaangalia mikono yake, ile mikono kama fito. "Nimekua," akarudia, lakini safari hii hakusema kama mtu anayejibu. Alisema kama mtu anayeuliza. Hakuweza kumkatalia mama yake. Na mimi sikuweza, kwa sababu yangu nyingine: kulitoa la kushoto kulikuwa ni kumwambia yule wa Mpimbwe, haya, toka. Nani atamwambia hivyo mwanawe? Nikajiambia nisubiri kidogo. Nikaongeza kunywa uji. Nilikunywa uji wa kuweza kumwagilia Katavi yote, maziwa yakaja kweli, na yakaja mengi zaidi kushoto.

Siku mbili tatu kabla ya kurudi kliniki, binti aliamka asubuhi, akanyonya kidogo, akaachia, akalala. Nikasubiri kilio. Hakikuja. Niliosha uso pande zote mbili. Nilikunywa chai ya moto. Nilikaa mlangoni nikaangalia kuku wanavyoparura, na nilijisikia vizuri, nasema ukweli, nilijisikia kama mtu aliyefunguliwa kamba. Jua likapanda. Ikafika saa nane. Nikamwamsha, nikampa la kulia. Akageuza uso taratibu.

Mama mkwe akaja na kifuniko chake cha chupa ya chai, akachungulia.

"Leo kawa mpole," akasema, akatabasamu.

Mpole.

Nililisikia neno lile likiingia mwilini kama maji baridi. Nilimwangalia mtoto. Ule utulivu nilikuwa naujua. Niliwahi kuubeba mikononi nikautembeza kwa majirani, nikausifia. Shavu lilikuwa limeingia ndani kidogo. Macho yalikuwa nusu, hayaniangalii mimi, yanaangalia kando, upande wa kushoto, pale nilipokuwa naachaga nafasi. Na nafasi ile haikuwa tupu. Sijawahi kusikia mtu amekaa karibu nami vile. Ile pumzi ya tatu ilikuwepo, na ilikuwa imeanza kwenda sawa na ya binti yangu, ikipanda inapopanda, ikishuka inaposhuka.

"Mama," nikasema, "nampa la kushoto."

"Usithubutu."

"Nampa."

"Mwanangu, usithubutu! Nimekwambia watagombana!"

"Wagombane. Yeye hagombani na mtu, mama, yeye ni mpole. Ndiyo shida yenyewe."

"Mkubwa atamvuta!"

"Anamvuta sasa hivi. Mwangalie. Njoo umwangalie!"

Hakuja. Alisimama na kile kifuniko kifuani kama mtu aliyeshika sakramenti. Nikakunja mkono wa kushoto, na ulikuwa mzito, nawaambia, ilikuwa kama kukunja mkono uliolaliwa. Nikasema kwa sauti, mbele ya bibi yake, "Baba, mpishe mdogo wako." Tulikuwa tunamwita baba, kama mtoto wa kiume yeyote anavyoitwa na mama yake. "Mpishe kidogo, baba. Wewe ni mkubwa." Nikamhamisha binti kutoka kulia nikamleta pale.

Hakulishika. Ziwa lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia, halijakamuliwa tangu jana, na kinywa chake kidogo kiliteleza juu yake, kikateleza tena, kikaacha. Nikajaribu kumfungua mdomo kwa kidole. Nilianza kulia. Nilimwita kwa jina lake na kwa la kaka yake, nikayachanganya. Mama mkwe aliweka kifuniko chini, akatoka nje. Nikasikia ndala zake zinakwenda. Nikajua kaniachia, kaenda kufungasha, na mimi nimebaki na wanangu wawili na mmoja hafungui mdomo.

Akarudi na sufuria la maji ya moto na kitambaa.

"Unamshika kama unashika tochi," akasema, kwa hasira. "Mlaze hivi. Kichwa juu. Hivyo." Akaweka kitambaa cha moto juu ya ziwa nikapiga kelele, akakanda kwa ile mikono yake ya kunyoosha reli, kutoka kwapani kuja mbele, anasema kitu chini chini ambacho kilikuwa nusu sala nusu Kipimbwe. Jiwe likaanza kulegea. Akakamua tone moja likaanguka mdomoni mwa mtoto. La pili. La tatu likamwagika shavuni.

"Fungua mdomo, mke mwenza," akamwambia. "Fungua, we mwanamke. Unamsusia nani hapa? Fungua!"

Akafungua.

Akameza. Sauti ile, gudu, kisha kimya, kisha gudu, gudu, gudu. Alikuwa hajawahi kumeza namna ile tangu azaliwe. Upande wa kulia alikuwa anavuta na kutafuta. Huku alikuwa anakunywa. Maziwa yalimjaa mpaka yakatokea pembeni ya mdomo, akakohoa, akarudi, akashika kwa mikono yote miwili kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Ndipo la kulia likaanza. Hakuna aliyeligusa. Lilitoa tone, tone, kisha uzi, kitenge kikalowa duara upande wa pili.

Tuliliangalia wote wawili. Mama mkwe akakaa chini polepole, kwenye sakafu, si kwenye kigoda.

"Kahama," akasema.

Sijui kwa nini nilicheka. Nilicheka na machozi yananishuka, na tumbo lililokuwa bado halijapona linauma, na mama mkwe naye akaanza, meno yake machache yakaonekana yote, tukacheka wanawake wawili wazima mchana kweupe mpaka mtoto akaachia ziwa akatukemea. Kisha mama mkwe hakuwa anacheka tena. Alichukua pindo la kanga yake akaliweka juu ya la kulia, akalibana kwa kiganja mpaka likaacha.

"Hili nalo tulifanyeje?"

"Hili nalo atanyonya huyu huyu, mama."

"Na yeye?"

Nilimfuta mtoto maziwa shavuni. Kiganja chake kilikuwa bado kifuani kwangu.

"Wa kwangu nilimwekea mpaka maziwa yakakauka yenyewe," akasema. "Yule dada yake mume wako. Hakuwahi kuniambia ameshiba."

Jioni ile mume wangu aliporudi alikuta mtoto amelala, mama yake amelala, na mimi macho. Alimbeba binti, akampima kwa mkono, akamrudisha, akaenda kuosha vyombo, kazi ambayo hajawahi kuifanya tena, na siku ile alivunja sahani.

Kliniki mizani ilimkubali. Si sana, lakini mshale ulisogea kwenda upande unaotakiwa, na wiki iliyofuata ukasogea kama uliochokozwa. Muuguzi alifurahi. "Na yule wa Mpimbwe?" akauliza. "Yule hapimwi," nikamwambia, na nadhani aliniona usoni, kwa sababu alinigusa bega akamwita mwingine.

Mama mkwe alirudi kwao kwa wakati wa kuvuna mpunga. Binti aliendelea kudai kunyonya kila saa ya Mungu, kulia na kushoto, bila ubaguzi, akanenepa mpaka jirani wa dukani akasema tumpangishie chumba chake. Sasa anakimbia, anavunja vitu, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayemwita mpole.

Wanawake wenzangu nikiwasimulia huniambia nishukuru, yule mwingine katulia. Nashukuru. Lakini zipo siku, saa nane, jua likiwa juu ya mabati, nakaa mkekani na nasogea kulia kidogo. Naukunja mkono wa kushoto. Nasubiri. Mkono ni mwepesi, ni mkono tu. Hajawahi kurudi tangu siku ile niliyomwambia ampishe mdogo wake. Alikuwa mtoto asiyedai. Ukimwambia sogea, anasogea. Sijui alishiba, au alisusa.